Mabomba ya Nyumbani na Kuokoa Maji: Anza na Mita, Malizia kwa Fundi

Watu wengi wakitaka kupunguza matumizi ya maji nyumbani huanza kwa kugombezana: nani kakaa bafuni muda mrefu, nani kaacha koki wazi akipiga mswaki. Mazungumzo hayo yana nafasi yake, lakini si pa kuanzia. Koki iliyoachwa wazi huonekana, na anayepita huifunga. Maji yanayoitia nyumba hasara kubwa ni yale yanayopita usiku na mchana bila mtu kuyaona: tangi la choo linalochuruzika kimya, bomba lililopasuka chini ya udongo, boya (kifaa kinachoelea na kukata maji tangi likijaa) la tangi la juu lisilofunga sawasawa. Hakuna anayeoga saa 24, ila tundu la ukubwa wa sindano linamwaga saa zote hizo, hata nyumba ikiwa tupu.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa hasara: kwanza unapima, kisha unarekebisha kinachovuja, halafu unapunguza kasi ya maji yanayotoka, na mwisho ndipo unafikiria kuvuna mvua na kutumia maji mara ya pili. Anayeruka hatua ya kupima huishia kununua vifaa asivyovihitaji, na bili inabaki palepale.

Zijue koki zako kabla hujashika spana

Tafuta koki kuu leo, kabla ya dharura. Mara nyingi iko karibu na mita, au pale bomba linapoingilia nyumbani. Ifunge, kisha fungua koki ya sinki la jikoni. Maji yanapaswa kupungua nguvu na kukatika ndani ya dakika moja au mbili. Yakiendelea kutiririka, ama koki kuu haifungi vizuri, ama maji hayo yanatoka kwenye tangi na si kwenye bomba la mtandao. Nyumba yenye tangi ina koki ya pili, ile inayotoka chini ya tangi. Nayo lazima uijue.

Geti vavu, ile koki kuu ya gurudumu la kuzungusha, isipoguswa miaka mingi hukwama. Usiilazimishe kwa spana ndefu, maana fimbo yake ya ndani hukatika na hapo umejitengenezea tatizo jipya. Tia mafuta kidogo kwenye fimbo, subiri, kisha izungushe kidogo mbele na nyuma mpaka ilegee. Ukiifungua yote, irudishe robo mzunguko ili isigande ikiwa imebana mwisho. Kuizungusha hivyo mara mbili kwa mwaka kunatosha kuiweka tayari. Kila mtu mzima wa nyumba, na watoto wakubwa pia, waonyeshwe ilipo. Bomba likipasuka wewe ukiwa safarini, anayejua koki kuu ndiye atakayeokoa godoro na zulia.

Koki ndogo za pembeni zilizo chini ya sinki na pembeni ya choo hufunga kifaa kimoja tu bila kukata maji ya nyumba nzima. Kama nyumba yako haina, ziweke siku yoyote fundi atakapokuja kwa kazi nyingine.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: spana malaya moja nzuri (ile ya kurekebisha mdomo), plaizi, bisibisi ya nyota na ya bapa, thredi tepu (ule utepe mweupe mwembamba), washa (vipete vya kuzibia) za raba za nusu inchi na za robo tatu, tochi, ndoo na matambara. Sitakushauri ununue zaidi ya hapo mpaka kazi yenyewe ikudai.

Pima: usiku mmoja na mita

Mita nyingi huonyesha tarakimu nyeusi kwa mita za ujazo na tarakimu au vishale vyekundu kwa sehemu za mita ya ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Nyingine zina gurudumu dogo au pembetatu ndogo inayozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kagurudumu hako ndiko shahidi wako.

Funga koki zote za ndani na nje, mashine ya kufulia izimwe, na kila mtu aambiwe asivute maji ya choo. Angalia kagurudumu kwa dakika mbili. Kakizunguka, maji yanapita mahali fulani. Kakitulia, usiridhike bado. Andika namba zote za mita kabla ya kulala, pamoja na zile nyekundu, na uzisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kuamka. Tofauti yoyote, wakati hakuna aliyetumia maji, ni uvujaji. Lita 3 kwa saa zinaonekana kidogo, lakini ni lita 72 kwa siku, na kwa siku 30 zinapita mita mbili za ujazo.

Ukishajua kuna uvujaji, ugawe. Funga koki kuu inayoingiza maji ndani ya nyumba, halafu rudi kwenye mita. Kagurudumu kakiendelea kuzunguka, bomba limevuja kati ya mita na nyumba: kague njia ya bomba, tafuta ardhi yenye unyevu wakati kwingine kumekauka, majani yaliyostawi kwa mstari, au sakafu ya nje iliyodidimia. Kakisimama, tatizo liko ndani. Fungua koki kuu tena na ufunge koki ndogo za pembeni moja baada ya nyingine. Ile itakayosimamisha mita ndiyo ya kifaa kinachovuja.

Nyumba yenye tangi ina mtego wake. Mita inapima maji yanayoingia tangini tu, kwa hiyo inaweza kuzunguka usiku kucha kwa sababu tangi linajaa na si kwa sababu kuna kuvuja. Inaweza pia kutulia huku choo kinamwaga maji yaliyokwisha pimwa. Hapa funga koki inayoingiza maji kwenye tangi, weka alama ya kina cha maji, na upime asubuhi. Kwa tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 1, kila sentimita moja iliyoshuka ni karibu lita 8. Ukitaka kutenganisha tangi na mabomba yake, rudia zoezi usiku wa pili ukiwa umefunga pia koki ya kutolea maji. Maji yakishuka hata hivyo, tangi lenyewe au maungio yake ya chini yanavuja.

Koki inayodondosha haihitaji mita. Weka kikombe chini yake kwa dakika 10, pima mililita zilizokusanyika, kisha zidisha kwa 144. Mililita 150 kwa dakika 10 ni zaidi ya lita 21 kwa siku. Namba hiyo ukiibandika mlangoni, hakuna atakayesema "ni matone tu".

Choo ndicho mtuhumiwa wa kwanza

Kama mita imekuambia kuna kuvuja na hakuna sehemu yenye maji sakafuni, nenda chooni moja kwa moja. Maji yanayovuja kutoka tangi la choo huteremka ndani ya bakuli na kupotelea kwenye bomba la maji machafu. Hayalowanishi kitu.

Tia matone machache ya rangi ya chakula, iliyokolea, ndani ya tangi la choo. Usivute maji. Rudi baada ya nusu saa, umulike bakuli kwa tochi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanapita.

Sasa tafuta yanapita wapi, kwa sababu ndani ya tangi kuna sehemu mbili zinazoweza kushindwa. Chora kwa penseli mstari wa usawa wa maji kwenye ukuta wa ndani wa tangi, funga koki ndogo ya pembeni, usubiri nusu saa nyingine. Maji yakishuka chini ya mstari, kizibo cha raba kilicho chini ya tangi hakizibi. Yakibaki palepale, lakini ukifungua koki yanapanda mpaka kumwagikia ndani ya lile bomba la wima lililosimama katikati, basi tatizo ni boya au vavu yake (sehemu inayofungua na kufunga maji).

Kizibo kwanza. Koki ikiwa imefungwa, vuta maji ili tangi liishe maji, kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa raba. Raba iliyochoka huacha weusi kwenye kidole, au huwa imejipinda pembeni. Pitisha kidole pia kwenye mdomo inapokalia. Mara nyingi kuna utando mgumu wa chokaa au chembe za mchanga. Usugue kwa sifongo mpaka uwe laini. Kama raba imeoza, ing'oe na uende nayo dukani, maana ukubwa wake hutofautiana na kubahatisha ni kupoteza nauli. Angalia mnyororo au kamba inayoivuta: ikiwa fupi mno, kizibo hakishuki chote, ikiwa ndefu mno, hujikunja na kunaswa chini yake. Acha ulegevu wa kiasi cha sentimita moja. Na vile vidonge vya klorini vya kuweka ndani ya tangi la choo, mimi nashauri uviache, kwa sababu klorini inayokaa humo muda wote hula raba.

Boya nalo hurekebishwa kwa skrubu iliyo kwenye mkono wake, au, kama mkono ni wa shaba, kwa kuupinda taratibu uelekee chini. Lengo ni maji yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba la wima. Yakiendelea kupita hata ukiinua boya kwa mkono, basi washa iliyo ndani ya vavu imechoka au imeshika mchanga. Funga maji, fungua kifuniko cha vavu, toa washa, isafishe au ibadilishe. Kabla ya kurudisha kifuniko, weka kikombe kichwa chini juu ya tundu na ufungue maji sekunde chache ili mchanga uliobaki utoke. Hatua hii watu huiruka, na kesho yake choo kinaanza tena.

Baada ya kuziba, tazama ujazo. Vyoo vya zamani huvuta lita 9 au zaidi kwa mara moja, wakati vya kisasa huvuta lita 6, na vile vya vitufe viwili hutumia takribani lita 3 kwa haja ndogo. Kama hubadilishi choo, jaza maji kwenye chupa ya lita moja, ifunge, uisimamishe ndani ya tangi mahali isipogusa boya wala mnyororo. Kila ukivuta umeokoa lita moja. Usitumie tofali, hubomoka polepole, na chembe zake huishia kwenye kile kizibo ulichokisafisha. Na kama baada ya chupa mtu analazimika kuvuta mara mbili, itoe, kwa sababu unapoteza zaidi ya unachookoa.

Koki inayodondosha

Koki ya kuzungusha mara kadhaa hufunga kwa washa ya raba. Ile ya robo mzunguko, au ya mkono mmoja, hufunga kwa katriji (kipande kizima cha ndani) yenye visahani vya kauri. Ya kwanza unaitengeneza kwa kitu kidogo cha raba:

1. Funga koki kuu au koki ndogo ya pembeni, kisha fungua koki unayoitengeneza mpaka maji yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isikutoroke.
2. Ng'oa kibandiko kidogo kilicho juu ya mkono wa koki, fungua skrubu iliyo chini yake, vua mkono.
3. Shika mwili wa koki kwa mkono mmoja au spana nyingine, na kwa spana malaya fungua nati kubwa kuelekea kushoto. Bila kuushika mwili, unaweza kuzungusha bomba zima na kuvunja maungio yaliyo ndani ya ukuta.
4. Vuta kichwa chote nje. Chini yake kuna washa. Igeuze uitazame: iliyochoka ina mfereji wa duara uliochimbika pale ilipokuwa ikikandamizwa.
5. Weka washa mpya ya ukubwa uleule. Kabla ya kuirudisha, mulika ndani ya koki na upapase kwa ncha ya kidole ule mdomo wa shaba ambao washa hukalia. Ukiwa na mikwaruzo au kishimo, washa mpya itakatwa ndani ya muda mfupi. Mdomo huo husagwa kwa kifaa maalumu, au koki hubadilishwa.
6. Rudisha kichwa, kaza bila kutumia nguvu zote, fungua maji polepole.

Kama maji yanatoka juu, kwenye shingo ya koki unapoifungua, na si mdomoni, washa haina kosa. Oringi (pete ya raba) au uzi wa kuzuia maji unaozunguka fimbo ndio umechoka. Jaribu kwanza kukaza nati ndogo ya shingo kwa robo mzunguko. Mara nyingi inatosha.

Katriji ya kauri haitengenezwi, hubadilishwa. Nenda nayo dukani ulinganishe urefu, meno ya juu na upande inakozungukia. Na koki yoyote ile, mfundishe kila mtu nyumbani kutoikaza kwa nguvu. Anayekaza sana ndiye anayeiua raba mapema.

Maungio: tepu, raba na gundi

Sehemu kubwa ya uvujaji mdogo inatokana na kutumia kizuizi kisichofaa kwenye ungio. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Ungio la nyuzi kwa nyuzi (mikato kama ya skrubu) linahitaji thredi tepu. Ungio lenye washa ya raba ndani, kama ile mipira ya kuunganishia sinki na choo, halihitaji tepu, kwa sababu raba ndiyo inayoziba. Ukiweka tepu hapo unaizuia nati isishuke hadi raba ibane. Kwa mabomba ya plastiki, la PVC huungwa kwa gundi yake, na la PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa na moto.

Tepu ivingirishwe kufuata upande wa kukazia: ukitazama ncha ya nyuzi ikikuelekea, zungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Ukizungusha kinyume, itajikunja na kutoka unapokaza. Ianze uzi wa pili kutoka mwisho ili isiingie ndani ya bomba, ivute iwe imebana, izunguke mara tano hadi kumi kulingana na ulegevu wa nyuzi. Ukishakaza, usirudishe nyuma hata kidogo kurekebisha mwelekeo. Ukirudisha, fungua yote, safisha, anza upya.

Kwa PVC, kata bomba kwa mkato ulionyooka, usiokwenda mshazari, kwangua vijinyuzi vya ndani na nje, futa vumbi na unyevu, paka gundi pande zote mbili, sukuma mpaka mwisho huku ukizungusha robo, na shikilia kwa nusu dakika ili lisirudi nyuma. Kisha acha likauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kufungulia maji mapema ndiko kunakoharibu maungio mengi kuliko gundi mbovu. Usipitishe maji ya moto kwenye PVC ya kawaida, maana hulainika. Kwa maji ya moto tumia PPR iliyoandikwa kuwa ni ya moto. Kuyeyusha PPR kunataka mashine yenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi na mkono uliozoea. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5 tu, na ukizidisha, plastiki huvimba ndani na kuziba njia ya maji bila wewe kujua. Kazi hiyo mpe fundi.

Bomba likipasuka usiku, funga koki kuu, kausha mahali hapo, funika ufa kwa kipande cha tyubu ya tairi, na ukaze kwa waya au klipu za mpira kila sentimita chache. Fungua maji nusu tu. Hiyo ni huduma ya kwanza mpaka asubuhi.

Kasi ya maji

Chukua ndoo ya lita 10, ijaze kutoka bomba la mvua la bafuni, na uhesabu sekunde. Gawa 600 kwa sekunde ulizopata. Jibu ni lita kwa dakika. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, unatumia lita 15 kwa dakika, na kuoga dakika 8 kumekula lita 120. Kichwa cha kupunguza maji kinachotoa lita 8 kwa dakika kitatumia lita 64 kwa muda uleule. Kichwa kizuri utakitambua kwa jinsi kinavyokusukumia maji mwilini. Kama kinakufanya ukae bafuni mara mbili zaidi, hakijaokoa kitu.

Kwenye koki za sinki, kuna kichujio kidogo kinachojifungia mdomoni na kuchanganya maji na hewa. Chenye alama ya lita 6 kwa dakika au pungufu kinatosha kunawia mikono. Usikiweke kwenye koki ya kujazia ndoo, maana ndoo ni ileile, utasubiri tu zaidi. Kifungue kila baada ya miezi michache, kigeuze, utakuta mchanga na chokaa. Loweka ndani ya siki usiku mmoja, osha, rudisha. Watu wengi wanaolalamika kwamba koki moja "haina maji" wanahitaji hatua hii tu.

Kama maji ni dhaifu kila mahali na unatumia tangi, tazama kimo. Kila mita moja ya kimo kutoka usawa wa maji ya tangi hadi kwenye koki inaongeza takribani bari 0.1 (bari ni kipimo cha msukumo). Tangi lililo mita 3 juu ya bafu linatoa bari 0.3, na hakuna koki ya bei yoyote itakayobadilisha hilo. Unapandisha tangi, unaongeza unene wa bomba la kushukia, au unaweka pampu. Kinyume chake, msukumo ukizidi bari 5 hivi, washa na mipira huchoka haraka na kila koki hutoa maji zaidi ya unayohitaji. Vavu ya kupunguza msukumo baada ya mita inaondoa yote mawili. Bomba linalopiga kishindo unapofunga koki ghafla linahitaji kushikizwa ukutani kwa klipu, na koki ifungwe taratibu.

Sinki na mabomba ya maji machafu

Bomba lililopinda chini ya sinki hubaki na maji ya kina cha sentimita 5 hadi 7 ili kuzuia hewa chafu ya bomba kuu isipande ndani. Bafu lisilotumika linaponuka, mara nyingi maji hayo yamekauka. Mimina lita moja au mbili na harufu itakatika.

Sinki likiziba, anza na kizibuo cha raba chenye mpini. Ziba tundu la juu la kumwagia ziada kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo unasukuma hewa tu. Maji yafunike raba, kisha sukuma na kuvuta kwa mfululizo. Likigoma, weka ndoo chini, fungua ule mpindo kwa mkono, utoe uchafu. Dawa kali za kuzibulia iwe chaguo la mwisho, na kamwe usichanganye mbili: dawa yenye klorini ikikutana na tindikali au amonia hutoa gesi inayoweza kuua mtu ndani ya bafu dogo. Ukishamimina dawa na haikufanya kazi, mwambie fundi kabla hajafungua bomba, maana itamrukia machoni. Mafuta ya kupikia yafutwe kwa karatasi na kutupwa. Yakiingia bombani hupoa na kuganda.

Tangi, mvua na maji ya mara ya pili

Tangi liwe na mfuniko unaobana, wavu kwenye tundu la hewa na bomba la ziada (la kumwagia maji tangi likijaa kupita kiasi) ili mbu wasiingie, na bomba la ziada lielekezwe mahali linapoonekana. Bomba la ziada lililofichwa nyuma ya paa linaweza kumwaga miezi mingi bila habari. Bomba la kutolea maji likae sentimita chache juu ya sakafu ya tangi, tope libaki chini, na tundu la kusafishia liwe chini kabisa. Mpira wa bustani usiachwe umezama ndani ya ndoo au pipa: msukumo wa bomba ukishuka ghafla, maji yale huvutwa kurudi kwenye mabomba ya kunywa.

Kuvuna mvua kuna hesabu nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 na mvua ya milimita 20 ni lita 1,000; toa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zimebaki 800. Maji ya mwanzo yameosha vumbi na vinyesi vya ndege, kwa hiyo yaelekezwe kando kabla ya kuingiza kwenye tangi. Yasinywewe bila kutibiwa.

Maji ya kuogea na ya kusuuzia nguo yanafaa kuvutia choo na kumwagilia miti. Yatumike siku hiyohiyo, kwa sababu yakilala zaidi ya saa 24 huanza kunuka. Usiyamwagie mboga zinazoliwa mbichi, na usihifadhi yaliyofuliwa nepi. Njia rahisi kuliko zote ni ndoo chini ya bomba la mvua la bafuni wakati unasubiri maji yapate moto: hayo ni masafi kabisa, na nyumba nyingi huyaacha yaende.

Wakati wa kumwita fundi

Hita ya maji usiifungue mwenyewe. Zima umeme wake, funga maji, mwite mtu. Ile vavu ya usalama inayodondosha maji pembeni ya hita isizibwe kwa sababu yoyote, kwani ndiyo inayozuia tangi la moto lisilipuke. Uvujaji ndani ya ukuta, bomba la chini ya sakafu, kazi ya PPR na chemba inayofurika navyo ni vya fundi.

Mpe namba za mita za usiku, mwambie ulifunga koki gani na mita ikasimama wapi; utampunguzia nusu ya muda wa kutafuta na kubomoa. Mwombe akuonyeshe kipande alichokitoa. Kabla hajaondoka, fungulieni maji kwa msukumo kamili, subirini robo saa, kisha pitisha karatasi kavu kuzunguka kila ungio alilogusa. Karatasi ikilowa, akaze au afungue upya papo hapo. Usiku huo soma mita tena, na asubuhi pia.